Je, Haki Hufa kwa Kupitwa na Wakati? Madai ya Walionajisiwa Utotoni na Mapadri Nchini Marekani

Katika vitabu vya fiqhi mlango wa madai (ad-da'awaa) si mlango unaopendwa na wanafunzi. Huupitia mbio, wakarudi kwenye nikahi na mirathi ambako ndiko waulizwako kila siku. Lakini ndani yake limo suala ambalo limezishughulisha mahakama na mabunge ya majimbo ya Marekani kwa zaidi ya miaka 20: mwenye haki akinyamaza mpaka nywele zikaota mvi, je, hakimu ana haki ya kumfungia mlango?

Asili ya jambo ni hii. Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilianza kuchapisha habari za padri John Geoghan. Watu zaidi ya 130 walikuwa wamejitokeza kusema kwamba aliwanajisi au kuwachezea walipokuwa watoto. Wakubwa wake walikuwa na habari, nao wakawa wakimhamisha kutoka parokia hii hadi ile. Mafaili ya Kanisa yalifunguliwa kwa amri ya jaji, Kadinali Bernard Law akajiuzulu Desemba mwaka huo huo, na mwaka 2003 Jimbo Kuu la Boston likakubali kulipa dola milioni 85 kwa walalamikaji zaidi ya 500.

Wengi kwingineko hawakufika huko. Mwaka 2018 jopo la uchunguzi la Pennsylvania lilitoa ripoti juu ya majimbo sita ya Kanisa, ikiwataja mapadri zaidi ya 300 na watoto zaidi ya 1,000 katika muda wa miaka 70 hivi. Walioshitakiwa kutokana na uchunguzi huo walikuwa mapadri wawili tu. Wengine walikuwa wamekufa, au muda wa kisheria ulikuwa umekwisha. New York nako, kabla ya mwaka 2019, aliyenajisiwa utotoni kwa kawaida alitakiwa awe amefungua kesi kabla ya kutimiza miaka 23. Tujiulize: mtoto wa miaka tisa, ambaye wazazi wake humpokea padri nyumbani kama mgeni wa heshima, amshitaki kwa nani? Na wengi walifungua kinywa wakiwa na miaka 40 au 50, wazazi wamekwisha kuzikwa.

Ama katika fiqhi, jambo hili huitwa taqaadum. Sisi wa Mwambao ni Mashafii, na katika madhehebu yetu kupita kwa muda peke yake hakuondoi haki ya mja. Mahanafi nao wanakubali kwamba haki haifi, isipokuwa dola ya Kithumani iliwakataza makadhi wasisikilize madai mengi ya kawaida yaliyopita miaka 15, ili kuzuia hila na ushahidi wa uongo. Ibn Abidin wa Damascus amelieleza hilo kwa urefu. Kisha ikaja Majalla, iliyotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876 chini ya uongozi wa Ahmed Cevdet Pasha, ikaliweka katika vifungu. Kifungu cha 1674 kinasema kwa maana yake kuwa haki haianguki kwa kupita zama, kwa hiyo mdaiwa akikiri mbele ya kadhi hukumu hupitishwa hata muda ukiwa umepita. Kifungu cha 1663 ndicho hasa ninachotaka msomaji akitazame. Kinasema muda unaohesabiwa ni ule uliopita bila udhuru, na katika nyudhuru kinazitaja utoto, wendawazimu, safari ya mbali, na mdaiwa kuwa mtu mwenye nguvu na ubabe asiyeshitakika.

Mtoto dhidi ya padri ana nyudhuru mbili kwa pamoja. Ni kweli kwamba udhuru wa utoto huisha kwa kubaleghe, na mwenye kubishana atasema hapo hesabu ianze. Lakini udhuru wa pili haubaleghe. Hofu aliyotiwa mtu na aliyeonekana kuwa msemaji wa Mungu inaweza kuishi naye mpaka uzeeni, na naona kuupima udhuru huo ni kazi ya kadhi katika kila kesi, si kazi ya kalenda.

Wamarekani waliifikia maana hiyo kwa njia yao. Februari 2019 New York ilipitisha sheria ya watoto waliodhulumiwa, ikaongeza umri wa kudai hadi miaka 55, na ikafungua dirisha kwa wale ambao muda wao ulikwisha zamani. Dirisha lilianza Agosti 2019 na, baada ya kuongezewa muda, likafungwa Agosti 2021. Kesi zaidi ya 10,000 zilipita humo, si za Kanisa peke yake. California ilifungua dirisha la miaka mitatu kuanzia Januari 2020, na mwaka 2024 Jimbo Kuu la Los Angeles likakubali kulipa dola milioni 880 kwa watu 1,353.

Wanafunzi huniuliza: mashahidi wanne wako wapi? Swali hilo limepotea njia. Haya ni madai ya fidia, si hadi ya zinaa. Anayedaiwa mara nyingi ni jimbo lenyewe, kwa kuwa lilijua likaficha na kumpeleka mtu huyo kwa watoto wengine. Kwetu huyo ni mutasabbib, na akivuka mpaka huingia dhamana. Wakili naye kwa kawaida halipwi mwanzoni. Huchukua fungu, aghalabu theluthi, iwapo kesi itashinda, na mlalamikaji mara nyingi huruhusiwa kutumia jina la kubuni.

Mlango mwingine wa kukwepa ni kufilisika. Jimbo la Portland lilikuwa la kwanza, mwaka 2004. Maryland ilifuta ukomo wa muda kuanzia Oktoba 1, 2023, na Jimbo Kuu la Baltimore likaomba ulinzi wa mufilisi siku mbili kabla. Kesi husimama, na wadai hupewa tarehe ya mwisho ya kuandikisha madai yao. Hapa tusichanganye istilahi: muflis wa fiqhi ni yule ambaye madeni yameishinda mali yake, ilhali sheria ile haimlazimishi mwombaji kuthibitisha hivyo.

Asifurahi mtu kwamba haya ni ya wenzetu. Tume ya uchunguzi ya Uingereza, katika ripoti yake ya Septemba 2021 kuhusu taasisi za dini, haikuziacha madrasa zetu. Imamu akijiwa baada ya swala na mtu mzima mwenye habari kama hiyo, asimuulize kwa nini alinyamaza. Wala asimtajie sitri, kwani aya ya 148 ya Suratin-Nisaa imemtoa aliyedhulumiwa katika karipio la kutangaza ubaya. Amsaidie kuandika majina, mahali na miaka anayoikumbuka, amtafutie wakili, na ahakikishe mwalimu aliyetajwa hakai na watoto wakati jambo linachunguzwa. Kule Boston, barua za maaskofu wenyewe ndizo zilizowakirisha.