Breki za pikipiki ya zamani: nenda na kipimo, siyo jina

Ndugu mkulima, kama mananasi yako bado yanabebwa na Yamaha DT au Honda XL ya zamani yenye breki za dramu, spea ni za kutafuta. Ukienda Kariakoo usitaje jina tu. Beba breki shuu zako za zamani. Linganisha mzingo, upana na mahali springi zinaposhika. Muuzaji akisema "isage kidogo itaingia", achana nayo. Ukikosa kabisa, tafuta fundi wa kubandika breki, aweke kitambaa kipya kwenye vyuma vilevile. Dramu ikiwa imechimbika, hata shuu mpya hazitashika vizuri. Ukishafunga, jaribu kwanza bila mzigo. Matenga yaliyojaa hayasimami kwa breki za kubahatisha.