E1 ni nini? Tuelewe "2 mega" mbele ya kusaini

Ndugu wanafunzi na ma-lisansie wenzangu, mimi nilisoma agronomi, sikusoma telekomi. Lakini siku hizi hata sisi watu wa mashamba tunapewa kazi ya kulinda ofisi za koperative na miradi, na kule mkataba wa intaneti unafika ku meza: "laini E1, 2 mega". Mbele ya kusaini, tuelewe kwanza.

Sauti ya mtu ku simu ni wimbi. Mashine inapima lile wimbi mara 8.000 kila sekunde, na kila kipimo inakiandika kwa biti 8. Jumla ni biti 64.000 kwa sekunde, kwa sauti moja tu. Njia hii ni ya Mwingereza Alec Reeves, aliyeiandikisha Ufaransa mu 1938. Wakati ule vifaa vyake vilikuwa bei kali sana. Transista zilipokuja, kampuni ya Bell kule Marekani ikaanza kutumia T1 mu 1962, ya sauti 24. Ulaya nayo ikatengeneza E1, ya sauti 30, na njo hiyo ilienea Afrika.

Sasa, namna gani sauti 30 zinapita njia moja bila kuchanganyika? Waulize wakulima wa mpunga mu bonde la Ruzizi. Mfereji ni mmoja, mashamba ni mengi: wanapeana zamu ya maji. E1 pia ni zamu, ila mzunguko wote unarudia mara 8.000 kwa sekunde. Kuko nafasi 32. Makumi tatu ni za sauti. Nafasi ya 0 inaonyesha mzunguko unaanzia wapi, ili sauti yako isiende kwa sikio la mwingine. Ya 16, kwa kawaida, inabeba habari za simu zenyewe: nani anaita, nani amekata. 32 mara 64.000 ni 2.048.000. Njo ile "2 mega".

Mambo mawili tuyashike. Kwanza, hizi si mega za forfe. Forfe ni ndoo: inapima wingi. E1 ni mfereji: inapima mwendo, kwa megabiti. Biti 8 zinafanya okte 1, kwa hiyo dokima ya mega-okte 10 inachukua karibu sekunde 40, tena kama uko peke yako ku laini.

Pili, zamu ya E1 ni yako hata ukinyamaza. Inapita tupu, hakuna wa kuichukua. Ni sababu moja ya bei yake kuwa juu. Intaneti ya simu iko tofauti: data inakatwa vipande vidogo, mwenye kitu anatuma. Inakuwa rahisi, lakini magaribi, watu wote wakiingia, unaona inatembea kama konokono.

Basi mbele ya kuweka sinyatire, uliza mambo matatu: megabiti ngapi kwa sekunde? Ni zetu peke yetu ao tunagawana na wengine? Na ku ofisi tutakuwa watu wangapi ku mfereji huo mmoja?