KU- ya Kitenzi-jina: Umbo Moja, Maana Zaidi ya Moja

Katika Kiingereza, kijalizo cha kitenzi huweza kuwa na umbo la *to* au la *-ing*, na uteuzi huo hubadili maana. *Remember to tie* huelekea tendo ambalo lilikuwa halijafanyika. *Remember tying* hurejelea tendo lililokwisha kufanyika. Kiswahili kina umbo moja tu, KU-. Makala hii inadai kwamba tofauti hiyo haipotei katika Kiswahili, bali huhamia sehemu nyingine za sentensi. Tuchukue mfano wa mvuvi wa pwani ya Tanga:

(1) a. Nahodha alikumbuka kufunga ngalawa.
b. Nahodha alikumbuka kwamba alifunga ngalawa.
c. Nahodha alikumbuka kule kufunga kwake ngalawa.

Katika (1a) kukumbuka kulitangulia kufunga. Katika (1b) mpangilio huo umepinduliwa na kishazi chenye njeo. Katika (1c) kionyeshi na kimilikishi vimeikamilisha KU- kuwa nomino, na tendo limekuwa jambo la kukumbukwa. Kwa hiyo, kinachokaribia kazi ya *-ing* si KU- peke yake, bali KU- iliyozungukwa na viambajengo vya kinomino. Pengine tofauti hubebwa na kitenzi kikuu: *alisimama kuvuta sigara* na *aliacha kuvuta sigara* hutafsiri kitenzi kimoja cha Kiingereza, *stop*.

Unomino huo huweza kufika mbali zaidi. Shaaban Robert (1909–1962), mwandishi aliyezaliwa Tanga, aliziita nchi mbili za kubuni kwa vitenzi-jina: *Kusadikika* (1951) na *Kufikirika*. Linganisha:

(2) a. Kusadikika kwa habari hizo kulichelewa.
b. Kusadikika ina mfalme.

Katika (2a) upatanisho ni wa ngeli ya KU-; katika (2b) ni wa *nchi*. Kisarufi, jina limeuacha ukitenzi wake. Kimaana halijauacha: mzizi *sadiki* na kiambishi *-ik-* bado humwambia msomaji kwamba nchi hii yaweza kuaminiwa, ilhali iko angani. Kejeli ya kazi hiyo imejengwa juu ya mvutano huo, na mfasiri anayelihamisha jina bila kulifafanua huipoteza.

Hivyo, kumfundisha mwanafunzi kuwa KU- ni sawa na *to* ni kumpa nusu ya sarufi. Swali la kuanzia liwe: ni kiambajengo kipi cha sentensi kinachobeba wakati wa tendo?