Mtihani ulioiangusha timu ya West Point

MSIMU wa mwaka 1951, timu ya mpira ya Chuo cha Kijeshi cha West Point, Marekani, ilicheza mechi tisa na kufungwa saba. Ilishinda mbili tu, dhidi ya Columbia na The Citadel. Katika mechi ya kufungia msimu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wanajeshi wa nchi ile, ilichapwa pointi 42 kwa 7 na wapinzani wao wa jadi, Chuo cha Wanamaji cha Annapolis.

Ndugu msomaji, mpira ninaouzungumzia si huu wetu. Ni futiboli ya Kimarekani: mpira wenye umbo la yai, wachezaji 11 kila upande wamevaa kofia ngumu, na kazi yao ni kuusogeza kwa mikono na kwa nguvu za mabega hadi mwisho wa uwanja wa wapinzani. West Point wakikutana na Annapolis, ni kama Simba na Yanga kwa Watanzania.

Timu hiyo haikuwa dhaifu. Chini ya kocha Earl Blaik, aliyeanza kazi hapo mwaka 1941, haikufungwa hata mechi moja katika misimu ya 1944, 1945 na 1946. Mwaka 1950 ilishinda nane na kupoteza moja tu. Iweje basi mwaka mmoja baadaye igeuke kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi ajifunzie kunyoa?

Maswali yaliyovuja

Jibu halikuwa uwanjani, lilikuwa darasani. West Point walikuwa na Kanuni ya Uaminifu: kadeti hasemi uongo, haibi, hafanyi udanganyifu. Na anayejua kuwa mwenzake amefanya hivyo akanyamaza, naye ana kosa.

Wanafunzi waligawanywa katika regimenti mbili, na mara nyingi regimenti hizo zilifanya mtihani ule ule kwa siku tofauti. Waliotangulia kuuona wakaanza kuwapenyezea maswali wenzao wa regimenti ya pili. Mchezo huo ulishika mizizi hasa kwa wachezaji wa mpira, ambao jioni zao ziliishia mazoezini na muda wa kusoma ulikuwa mdogo.

Makadeti wenyewe ndio waliopeleka habari kwa wakubwa. Uchunguzi ukafanyika, na Agosti 3, 1951 jeshi likatangaza kwamba makadeti wapatao 90 wangeondolewa chuoni. Zaidi ya 30 kati yao walikuwa wachezaji wa timu ya Blaik. Wapo walioondolewa si kwa kuangalizia, bali kwa kujua na kunyamaza.

Wakati huo vita vya Korea vilikuwa vinapiganwa, na maofisa waliotoka chuo hicho walikuwa mstari wa mbele. Askari anayepewa amri na ofisa wake anahitaji kuamini kwamba neno la ofisa huyo ni la kweli.

Mtoto wa kocha

Miongoni mwa walioondolewa alikuwemo Bob Blaik, mchezaji aliyeongoza mashambulizi ya timu, mtoto wa kumzaa wa kocha. Mzee huyo alipoteza timu na mwanawe akafukuzwa chuo kwa mpigo mmoja.

Blaik aliwatetea vijana wake. Alisema si wahalifu, na kwamba mtindo wa kutoa mtihani mmoja kwa siku mbili ulikuwa mtego uliotegwa na wakubwa wenyewe. Alifikiria kujiuzulu. Akaenda kumwona Jenerali Douglas MacArthur, aliyepata kuwa mkuu wa chuo hicho, naye akamshauri asiondoke katikati ya mapambano. Blaik akabaki.

Alibaki na vijana wachanga na wale waliokuwa wa akiba. Ndio walioingia uwanjani mwaka ule wakapokea vipigo, kwa dhambi ambayo hawakuitenda. Mwaka 1952 walishinda nne, wakafungwa nne na kutoka sare moja. Mwaka 1953 wakashinda saba, wakafungwa moja na kutoka sare moja, na safari hii Annapolis wakalala kwa pointi 20 kwa 7. Hadi Blaik anastaafu baada ya msimu wa 1958, huo wa 1951 ndio pekee alioumaliza West Point akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi.

Cheti mezani

Mimi ni mwalimu, na nimesoma ukimbizini. Tulipokuwa kambini, mtihani wetu mmoja ulifutwa baada ya maswali kuonekana yakizagaa sokoni kabla ya siku yake. Tulirudia wote, waliokula njama na wasiojua lolote. Nililia, kwa kuwa nilijua ule wa kwanza nilikuwa nimeufanya vizuri.

Miaka baadaye nilirudi nyumbani, nikaweka cheti changu juu ya meza ya afisa. Alikigeuza mbele na nyuma, akaniuliza kama huko kambini watu hawakuwa wakipewa majibu. Wengi wetu tuliorejea tunalijua swali hilo. Nilimjibu kwamba majibu yalipovuja tulirudishwa darasani, na mtihani wa pili niliufanya kwa akili yangu. Bila kufutwa ule wa kwanza, ningemjibu nini?

Mfanyabiashara wa mpakani anaelewa. Akikamatwa na mizani mbovu mmoja, wateja watapima upya kila kilo inayotoka upande ule, hata ya jirani yake mwaminifu.

Hata hivyo nakubaliana na Blaik kwa jambo moja. Mwalimu anayetoa karatasi ile ile leo na kesho naye anajaribu uaminifu wa watoto kupita kiasi. Tangu niisome habari hii, madarasa yangu mawili hupata maswali tofauti. Ni kazi ya usiku mzima, lakini ni nafuu kuliko kumfukuza mtoto wa mtu.