Je, Wajua Kilichomo Ndani ya Kalenda ya Familia?

Mwaliko wa kikao cha harusi unapotumwa kwa barua pepe, na siku ya kikao ikajiandika yenyewe kwenye simu ya mpokeaji, kilichosafiri ni faili dogo la maandishi lenye mkia wa .ics. Faili hilo likifunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia, linasomeka kwa macho. Mstari wa kwanza ni BEGIN:VCALENDAR, wa mwisho ni END:VCALENDAR, na katikati yake zimo saa za kuanza na kumaliza, mahali, na jina la aliyealika. Nyumba inayotafuta kalenda na barua pepe za bure za kutumia kwa pamoja ingefaa ianzie hapo, kabla ya kutazama rangi na vitufe vya programu.

Muundo huo huitwa iCalendar. Ulichapishwa Novemba 1998, na waandishi wake wawili, Frank Dawson na Derik Stenerson, walitoka katika kampuni zilizokuwa zikigombea wateja walewale: Lotus na Microsoft. Ulifanyiwa marekebisho mwaka 2009, na leo kalenda za Google, Apple, Outlook na Thunderbird zote zinauelewa.

Ufundi wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kila tukio lina utambulisho wake, UID, usiofanana na wa tukio jingine lolote. Baba akisogeza kikao kutoka Jumamosi hadi Jumapili, kalenda ya mama haiandiki kikao cha pili. Huutambua utambulisho uleule, huona kwamba toleo lake limepanda namba, na kukihamisha kikao kilekile. Kliniki ya kila wiki nne nayo haihitaji kuandikwa tarehe baada ya tarehe. Mstari mmoja unatosha, RRULE:FREQ=WEEKLY;INTERVAL=4, na simu hujihesabia miezi yote ijayo.

Faida kubwa zaidi huipata familia iliyotawanyika. Kikao cha mtandaoni cha saa 2 usiku Dar es Salaam ni saa 3 usiku kwa ndugu aliye Muscat. Kwa aliye London ni saa 11 jioni wakati wa baridi na saa 12 jioni wakati wa kiangazi, kwa kuwa Uingereza husogeza saa zake mara mbili kwa mwaka. Tukio lililoandikwa na ukanda wake wa saa, Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, hujirekebisha kwa kila mmoja bila mtu kupiga hesabu. Hatari iko kwingine: programu hizi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Anayeandika 2:00 akimaanisha saa mbili ataamshwa na kikumbusho saa nane za usiku. Ni vizuri nyumba ikubaliane mapema kuandika kwa saa 24, yaani 20:00, na wazee waelezwe.

Idi ni mtihani mwingine. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kuagiza tukio la Idi lijirudie kila mwaka kwa tarehe ileile ya kizungu ni kulikosea tangu mwaka wa pili. Mwaka 2015 iliongezwa kanuni inayoruhusu marudio kwa kalenda nyingine, ikiwemo ya Hijria, lakini programu nyingi hazijaifuata. Hata zingeifuata, mwezi husubiriwa kuandama. Tarehe ya sikukuu inayoletwa na simu ichukuliwe kuwa makisio.

Upande wa barua pepe, neno la kuuliza ni IMAP. Itifaki hii ilibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, na kazi yake ni kuziacha barua kwenye seva ili vifaa kadhaa vione kikasha kimoja: mke akisoma bili ya maji kwenye simu, mume ataona kwenye kompyuta kwamba imekwisha kusomwa. POP, iliyoitangulia, ilizoea kuishusha barua kwenye kifaa kimoja na kuifuta kwenye seva. Hata hivyo, kugawana nenosiri moja nyumba nzima si busara, maana namba ya uthibitisho huenda kwenye simu ya mtu mmoja, na laini ile ikipotea, wote wanafungiwa nje. Afadhali kila mtu awe na anwani yake, kisha barua za shule na za mwenye nyumba zipelekwe kwa wahusika wawili.

Google hutoa gigabaiti 15 kwa barua, picha na faili kwa pamoja, na kikundi cha familia cha watu wasiozidi sita hupata kalenda yao papo hapo. Apple ina mpango unaofanana na huo tangu 2014, na unazipendelea nyumba zenye iPhone tupu. Proton, iliyoanzishwa Uswisi mwaka 2014 na wanasayansi waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, hufunga barua na kalenda kwa usimbaji. Lakini kwenye akaunti ya bure, barua zake hazisomeki kwa programu ya kawaida ya IMAP. Kwenye kompyuta, Thunderbird ni ya bure na huria, na huweka kalenda na barua za kampuni mbalimbali kwenye dirisha moja.

Wapo wanaotaka seva yao wenyewe nyumbani. Kwa kalenda, inawezekana kabisa: Radicale ni programu huria ndogo inayotosha kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na huzungumza CalDAV, itifaki ya mwaka 2007 ya kupatanisha kalenda. iPhone huielewa moja kwa moja; Android huhitaji programu ya kati kama DAVx⁵. Barua pepe ni habari nyingine. Seva za wapokeaji haziziamini anwani za intaneti za majumbani, na ujumbe huishia kwenye taka au hukataliwa. Barua ziachiwe wenye kazi hiyo.

Bure nayo ina historia yake. Microsoft iliinunua kalenda pendwa ya Sunrise mwaka 2015 na kuifunga mwaka uliofuata. Januari 2022, Google ilizitangazia hata familia zilizokuwa zikitumia bure huduma yake ya barua kwa anwani zao wenyewe kwamba zitaanza kulipa. Miezi michache baadaye iliruhusu matumizi yasiyo ya biashara yaendelee. Waliokuwa na nakala za matukio na barua zao walikuwa na nafasi ya kuchagua.

Kwa hiyo, kabla ya kuhamishia ratiba ya nyumba nzima kwenye huduma yoyote, andika tukio moja linalojirudia, lipakue kama faili la .ics, kisha lifungue kwenye programu ya kampuni nyingine. Saa ikibadilika, marudio yakipotea, au kitufe cha kupakua kisipokuwepo, tafuta huduma nyingine.