Asili na Maana ya Jina Erasto

Katika daftari la mahudhurio la shule ya Tanzania huenda likaonekana, mara moja moja, jina Erasto. Si jina la kila darasa kama yalivyo Petro, Yohana, Juma au Hamisi. Nje ya Afrika Mashariki ni adimu zaidi, na watu wengi wa Ulaya ya leo hawajapata kulisikia. Hata hivyo jina hili limesafiri zaidi ya miaka elfu mbili. Limechongewa mahali katika mawe, limedhihakiwa katika nchi moja na kuheshimiwa katika nyingine, na limeingia katika vitabu vya fizikia kwa mkono wa mwanafunzi wa sekondari. Uchunguzi wake waonyesha jinsi elimu ya majina, ambayo ni tawi la isimu, inavyofanya kazi.

Mwenye kuchunguza jina hujiuliza maswali matatu. Mzizi wake ni upi? Lilipita njia gani hata likafika hapa lilipo? Na ni kwa sababu gani watu walilipenda au waliliacha? Maswali haya yafaa yatenganishwe, maana jibu la moja halitoshi kuwa jibu la jingine.

MZIZI WA JINA

Erasto ni neno la Kigiriki cha kale. Asili yake ni kitenzi eran, yaani kupenda kwa shauku. Kigiriki, kama Kiswahili, huunda maneno mapya kwa kubandika viambishi penye mzizi. Kiambishi -tos kiliunda neno la sifa lenye maana ya kutendwa. Kwa hiyo erastos ni yule apendwaye, au apendekaye. Kiambishi kingine kilileta neno erastes, yaani yule apendaye. Tofauti ya maneno hayo mawili yafanana na ile iliyopo baina ya "mpenda" na "mpendwa", ambapo herufi moja tu hugeuza mtenda kuwa mtendwa.

Kutoka mzizi huohuo lilitoka jina Erasmus, alilolitumia mwanazuoni mashuhuri wa Rotterdam aliyefariki mwaka 1536. Baadhi ya watu huyachanganya majina haya mawili. Yana mzizi mmoja lakini viambishi mbalimbali, na hivyo ni ndugu, si jina moja.

Maana ya jina hili si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. Habibu, jina lililotoka Kiarabu, nalo maana yake ni mpendwa. Na wataalamu wengi hulieleza jina Daudi, lenye asili ya Kiebrania, kwa maana hiyohiyo. Wazazi wa lugha zilizo mbalimbali walimtazama mtoto mchanga wakaona neno moja lafaa.

NJIA ILIYOPITA

Jina Erasto lilikuwako kabla ya Ukristo. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo aliishi Erasto wa mji wa Skepsis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, naye anahesabiwa miongoni mwa wanafunzi wa Plato. Lakini kilichoeneza jina hili duniani ni Agano Jipya. Humo latajwa mara tatu tu: katika Matendo ya Mitume 19:22, Erasto anatumwa Makedonia pamoja na Timotheo, katika Warumi 16:23, anatajwa mtu mwenye jina hilo ambaye ni mtunza fedha wa mji, na katika 2 Timotheo 4:20, inaelezwa kwamba Erasto alibaki Korintho.

Hapa ndipo ulipo ufunguo mmoja wa uchache wa jina hili. Timotheo na Erasto walitumwa pamoja, lakini Timotheo ameandikiwa nyaraka mbili zinazobeba jina lake, na husomwa mara kwa mara makanisani. Erasto apita katika mistari mitatu kisha hasikiki tena. Jina lisilosikika masikioni mwa wengi haliwezi kupewa watoto wengi.

Warumi waliliandika kwa desturi ya Kilatini, Erastus, na Biblia za Kiingereza zikalifuata umbo hilo. Warusi walikata mwisho wake, likawa Erast. Kwa Kiswahili, jina lilipoteza s ya mwisho na kubaki na irabu, kama vile Petros alivyokuwa Petro, Paulos akawa Paulo, na Timotheos akawa Timotheo. Mkazo nao ulitua katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama kanuni ya Kiswahili inavyotaka, ilhali Wagiriki waliuweka mwanzoni mwa jina. Ndiyo maana Tanzania laandikwa Erasto kwa kufuata Biblia ya Kiswahili, na Kenya huonekana mara nyingi Erastus, umbo lililopitia Kiingereza. Umbo hilo la pili hutumika pia Namibia.

MAWE YA KORINTHO

Mwaka 1929 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta karibu na ukumbi wa michezo wa Korintho mawe ya sakafu yenye maandishi ya Kilatini. Herufi zilichimbwa ndani ya jiwe ili zijazwe madini. Zasema kwamba Erasto, kwa kuupata uongozi wa mji uitwao aedilis, aliitandaza sakafu hiyo kwa fedha yake mwenyewe.

Wengi walifurahi, wakasema huyu ndiye mtunza fedha aliyetajwa katika Waraka kwa Warumi. Jina ni moja, mji ni mmoja, na wote wawili ni watumishi wa mji. Lakini wataalamu wengine walipinga. Walisema kwamba cheo cha Kigiriki kilichotajwa katika waraka si lazima kiwe sawa na kile cha Kilatini kilichomo katika jiwe, na kwamba maandishi hayo huenda ni ya karne ya 2, yaani baada ya wakati wa Paulo. Mjadala haujafungwa. Funzo lake kwa mwanafunzi ni dhahiri: kufanana kwa majina huweza kuwa mwanzo wa uchunguzi, wala si mwisho wake.

KUPENDWA NA KUACHWA

Katika karne ya 16 aliishi Uswisi na Ujerumani mganga na mwanateolojia Thomas Erastus (1524–1583). Jina la ukoo wake lilikuwa Liebler, lenye kuhusiana na neno la Kijerumani la kupenda, naye, kama ilivyokuwa desturi ya wasomi wa zama zile, akalifasiri kwa Kigiriki.

Waprotestanti wa Marekani walipenda kuwapa watoto majina ya Biblia, hata yale yasiyo ya kawaida, na hivyo katika karne ya 19 akina Erastus walikuwa wengi kiasi huko. Erastus Bigelow (1814–1879) alibuni mitambo ya kufumia mazulia. Erastus Corning (1794–1872) alikuwa tajiri wa reli, na mji wa Corning katika jimbo la New York uliitwa kwa jina lake. Katika mji huo ndimo kiwanda cha kioo kilimoanza, mwaka 1915, kuuza vyombo vya Pyrex, vinavyojulikana katika maabara za shule.

Baadaye jina hilo lilipatwa na msiba. Kifupi chake, Rastus, kilitumiwa na Wazungu wa Marekani katika michezo ya jukwaani na katika matangazo ya biashara kumwita mtu mweusi wa kubuni, mwenye kuchekesha na kudharauliwa. Jina lenye maana ya mpendwa likageuzwa tusi. Katika karne ya 20 lilikaribia kutoweka nchini humo. Kamusi haikubadilika, mzizi ulibaki uleule. Kilichobadilika ni picha iliyowajia watu vichwani walipolisikia.

MWANAFUNZI WA MAGAMBA

Mwaka 1963 kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, wilayani Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo. Mwenzake mmoja aliwahi kwa kutia maziwa yasiyochemshwa. Erasto naye akatia yake yakingali moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu maziwa yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado majimaji.

Aliuliza sababu, akaambiwa kwamba alichanganyikiwa. Alipofika Iringa katika shule ya Mkwawa aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea darasani wenzake walimcheka kwa jina lake. Hivyo jina la Mpemba, kama lilivyokuwa jina Erastus ng'ambo, likawa chombo cha dhihaka.

Hata hivyo hakuacha. Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoizuru shule hiyo, Erasto alisimama akauliza kwa nini maji yenye nyuzi 100 za Sentigredi huganda kabla ya yale yenye nyuzi 35. Wanafunzi walicheka. Osborne alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe, na matokeo yakamwunga mkono kijana yule. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa katika jarida Physics Education, na katika orodha ya waandishi Mpemba alitangulia. Tangu hapo jambo hilo laitwa athari ya Mpemba.

Yapasa isemwe pia kwamba swali lenyewe halijaisha. Uvukizaji, myuko ndani ya maji, gesi zilizoyeyuka na umbo la chombo vyote vimetajwa kuwa visababishi. Mwaka 2016 wachunguzi Henry Burridge na Paul Linden walitangaza kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha wa athari hiyo katika maji, wakaonyesha kuwa mahali pa kuweka kipimajoto huweza kupotosha vipimo. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer waliionyesha athari ya namna hiyo, si katika maji yanayoganda, bali katika chembe ndogo iliyodhibitiwa kwa nuru. Heshima ya Erasto haitegemei ni upande upi utakaoshinda. Yatokana na kwamba aliona, akauliza, akachekwa, akauliza tena, na akakubali swali lake lipimwe.

HITIMISHO

Historia ya jina hili yathibitisha kwamba maana ya neno na bahati ya jina ni mambo mawili. Mzizi huamua maana. Lakini kuenea kwa jina huamuliwa na vitabu vinavyosomwa, na lugha zinazolipokea, na zaidi ya yote na watu wanaolichukua na namna wanavyotendewa.

Walimu wa lugha na wa historia waweza kulifanya somo hili kuwa zoezi. Wanafunzi waorodheshe majina ya babu, ya wazazi na yao wenyewe, wayapange kwa lugha za asili, kisha wahesabu ni yapi yaliyozidi na ni yapi yaliyopungua katika vizazi vitatu. Palipo na maelezo mawili yanayopingana juu ya jina moja, yote mawili yaandikwe, na ushahidi wa kila moja utafutwe. Na yule mwenye jina adimu, au mwenye swali adimu, asichekwe kabla jaribio halijafanywa.