Hamlet alijifanya mwendawazimu, Ophelia akawa mwendawazimu kweli

Mwanamume akifoka nyumbani mpaka majirani wakasikia, watu husema amechokozwa. Mwanamke akifoka vivyo hivyo, hukosi kumsikia mtu akinong'ona kwamba mama huyu kichwa chake si sawa. Tabia hii ni kongwe. Ukitaka kuiona ikichezwa jukwaani, hebu keti na mchezo wa Hamlet, tanzia ambayo Mwingereza William Shakespeare aliiandika yapata mwaka wa 1600 na ambayo ilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka wa 1603.

Kisa chenyewe huenda unakijua. Mfalme wa Denmark amefariki. Ndugu yake, Claudius, amekalia kiti cha enzi, na kabla ya miezi miwili kwisha amemwoa mjane, malkia Gertrude. Mzuka wa marehemu unamtokea mwanawe, Hamlet, na kumweleza kwamba hakufa kifo cha Mungu: alitiliwa sumu sikioni na huyo huyo ndugu yake alipokuwa amelala bustanini. Hamlet anaapa kulipiza kisasi. Anawaonya wenzake wa siri kwamba wakimwona akifanya vituko wasishangae, kwani huenda akaona vyema kujitia wazimu.

Kwa hiyo msomaji unajua tangu mwanzo kwamba wazimu wa Hamlet ni vazi alilolivaa. Baadaye anamwambia mama yake waziwazi kwamba hana kichaa, ni ujanja tu.

Na huyu mama yake, Gertrude, amelaumiwa mno. Mwanawe anamwona kama kielelezo cha udhaifu wa wanawake wote duniani. Lakini mwaka wa 1966 mtaalamu wa Kimarekani, Laura Bohannan, alichapisha makala kuhusu siku aliyowasimulia wazee wa Kitiv kule Nigeria hadithi hii. Wazee hawakuona kosa hata kidogo. Kwao, ndugu wa marehemu kumwoa mjane upesi lilikuwa jambo la busara. La sivyo, nani angelima shamba lake? Bila shaka hapa kwetu pia wapo wasomaji waliokua wakiona wajane wakirithiwa, na watakuwa na maoni yao, ya kuunga mkono na ya kupinga. Mimi naona jambo moja: Shakespeare hakutupa popote ushahidi kwamba Gertrude alijua habari ya sumu. Waliomhukumu walimhukumu kwa kuolewa tena.

Sasa tumtazame Ophelia, binti wa Polonius, mshauri mkuu wa mfalme. Hamlet amemwandikia barua za mapenzi. Kaka yake, Laertes, akiwa safarini kurudi Ufaransa, anamwonya asimsadiki. Baba yake naye anampiga marufuku kuzungumza na mwana wa mfalme. Binti anatii. Kisha yule yule baba aliyemkataza anamgeuza chambo: anampa kitabu cha sala, anamwambia atembee pale ukumbini kana kwamba yuko peke yake, naye na mfalme wanajificha wasikilize. Hamlet anapomwuliza baba yake yuko wapi, Ophelia anajibu kwamba yuko nyumbani. Huo ndio uongo wake katika mchezo mzima, na hata huo ni wa kutumwa.

Ukihesabu wadanganyifu katika jumba lile utachoka. Claudius ameua na anatabasamu. Polonius anamtuma mtumishi Paris kumpeleleza mwanawe mwenyewe. Rosencrantz na Guildenstern, marafiki wa utotoni wa Hamlet, wameitwa kumchunguza. Hamlet mwenyewe anaigiza kichaa. Wote hao ni wanaume. Lakini anayekaripiwa kwa hila ni Ophelia! Hamlet anamfokea kwamba wanawake Mungu aliwapa uso mmoja nao wakajipaka mwingine, na kumwamuru aende zake akakae na watawa. Anayesema hayo ndiye aliyejivika wazimu usoni tangu asubuhi hadi jioni. Na tukumbuke kwamba siku zile nchini Uingereza wanawake hawakuruhusiwa katika majukwaa ya umma. Ni mwaka wa 1660 ndipo waigizaji wa kike walipoanza kuonekana huko. Maneno yale ya kuwashutumu wanawake wanaojipodoa yalielekezwa kwa mvulana aliyepodolewa ili aonekane msichana.

Baadaye Hamlet anasikia sauti nyuma ya pazia chumbani mwa mama yake, anachoma upanga, na kumwua Polonius. Mzee anazikwa haraka na kwa siri. Hamlet anasafirishwa kwenda Uingereza, na Laertes bado yuko ng'ambo. Ophelia amebaki bila baba, bila kaka, bila mchumba, na bila hata matanga ya kulilia. Hapo ndipo akili inapomruka.

Akiingia tena jukwaani anaimba vipande vya nyimbo, vingine vya msiba, vingine vya msichana aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa. Binti aliyekuwa akijibu baba yake kwa maneno mawili matatu sasa anaimba mbele ya mfalme mambo ambayo hangethubutu kuyataja. Anawagawia watu maua, moja la ukumbusho, jingine la majuto. Mfalme na malkia wanamhurumia, lakini hakuna anayemjibu.

Linganisha na kaka yake. Laertes amefiwa na baba yule yule. Yeye anarudi na kundi la watu wenye ghadhabu, anavunja mlango wa jumba na kudai maelezo, na mfalme anaketi naye kumweleza. Msiba ni mmoja. Mwana wa kiume amepata upanga, wa kike amepata maua.

Kifo chake hatukioni. Gertrude analeta habari kwamba tawi lilikatika, binti akaangukia kijitoni, nguo zikamwelesha kidogo huku akiimba, mpaka maji yakamvuta chini. Nimeshangaa siku zote: aliyeyaona hayo yote mbona hakunyoosha mkono? Wachora picha wamekipenda mno kifo hicho. Picha mashuhuri ya John Everett Millais, aliyoianza mwaka wa 1851 na ambayo sasa iko katika jumba la Tate jijini London, ilichorwa msichana Elizabeth Siddal akiwa amelazwa katika bafu la maji. Taa zilizowekwa chini kuyapasha moto zikazimika, naye akaugua kwa baridi. Baba yake ikabidi amdai mchoraji gharama za daktari.

Wale wazee wa Kitiv walimwambia Bohannan kwamba mtu hapati wazimu bila kurogwa, na kwamba maji peke yake hayamwui mtu. Wakamshuku kaka yake. Unaweza kucheka, msomaji, lakini angalau wao waliuliza ni nani aliyemfanyia binti wa watu jambo hilo.

Shakespeare alilirudia jambo hili katika Macbeth, ambayo S. S. Mushi wa Tanzania aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1968. Macbeth anaona kisu hewani na mzuka mezani, mkewe akimsitiri mbele ya wageni. Mwishoni mume anakufa vitani, upanga mkononi. Mke, ambaye hata jina lake mwenyewe hatuambiwi, anatembea usingizini akisugua damu isiyokuwepo, kisha anafia nyuma ya jukwaa kama Ophelia.

Turudi Denmark. Wachimba kaburi wanabishana iwapo aliyejiua anastahili kuzikwa kikristo, na padri anampunguzia sala. Laertes anaruka kaburini kumkumbatia mara ya mwisho. Hamlet, aliyekuwa kajibanza karibu, anajitokeza kudai kwamba alimpenda kuliko kaka elfu arubaini, na wanaume hao wawili wanakabana makoo palepale penye maiti.

Baadaye, kabla ya pambano la mwisho la panga, Hamlet anamwomba Laertes msamaha. Anasema aliyemkosea si Hamlet bali ni wazimu wa Hamlet. Ni wazimu ule ule aliomwambia mama yake kwamba ni wa ujanja. Laertes anajibu kwa heshima, wanachagua panga, na jina la Ophelia halitajwi.